Fundi, kagua tanki kabla ya kuniuzia nozeli

Mhariri,

Mimi ni mama wa viazi. Jumanne nashusha mzigo soko la Wakulima, Nakuru, na usiku wa Jumamosi nateremka na pikapu hadi Kisumu ili jua la Jumapili linikute nimeshapata nafasi soko la Kibuye. Padri wangu amenizoea. Misa yangu mimi ni ya katikati ya wiki. Kurudi sirudi mtupu. Ahero napakia mchele, na omena ikiwa na bei ya kuelewana nabeba yangu na ya majirani. Gari lenyewe ni Hilux ya dizeli, injini ya D-4D ya lita 2.5, ya mwaka 2009, lililofika kwangu likiwa limeshapitia mikono miwili. Naliendesha mwenyewe. Nimejieleza hivi ili msomaji ajue kwamba haya ninayoandika nimeyalipia kwa pesa zangu, sikuyaokota kwenye matatu.

Mwaka jana, mvua ndefu ilipokuwa ikielekea kuisha, gari lilianza kukosa pumzi. Uwanda wa Ahero linakimbia vizuri. Awasi, sawa tu. Tukianza kupanda kuelekea Kapsoit nahisi kama mtu amelishika mkia. Nakanyaga, injini inalalamika, mwendo hauongezeki. Nikipita Kericho, karibu na Chepseon, taa ya manjano ya injini inawaka na gari linakataa kabisa kushinda kasi ya punda. Nasimama kando, nazima, nahesabu hadi mia moja, nawasha: limepona! Kilomita nne mbele, yale yale. Trela zenye nambari za Uganda, zimebeba hata sijui tani ngapi, zinanipita mlimani dereva akinipungia mkono kwa huruma.

Na asubuhi hapa Molo, kwenye ile baridi inayomfanya ng'ombe atoe moshi puani, starta inazunguka weee mpaka mtaa mzima unajua nani anasafiri.

Nikalipeleka gereji moja mjini Nakuru. Sitaitaja, maana sina ugomvi wa kumwaga hadharani, nina hoja. Kijana aliyevaa ovaroli safi kuliko shuka zangu akachomeka mashine chini ya usukani, akasoma, akanigeuzia kioo nione. P0087. "Mathe, umeona? Presha ya mafuta iko chini. Hizo nozeli zimekufa, na pampu ya presha nayo iko njiani." Mimi nilikuwa naona herufi na tarakimu tu. Nozeli ni vile vidomo vinavyopuliza dizeli ndani ya injini, na pampu ya presha ndiyo inayovisukumia. Nikauliza kama kuna kingine cha kuangalia kwanza. Akacheka kidogo, si kwa dharau, akasema mashine haidanganyi.

Nozeli nne zilizofanyiwa ukarabati, 24,000 kila moja. Pampu ya presha ya mtumba, 55,000. Kazi, 12,000. Piga hesabu: 163,000. Niliuza ndama wawili, na chama changu kikanikopesha 60,000 baada ya kikao kirefu nilichoulizwa maswali ambayo sitayarudia hapa.

Gari lilitoka likivuta kama jipya. Nikashuka Kisumu, nikapanda, raha. Safari ya pili, raha. Safari ya tatu, usiku, nikiwa na magunia manane ya mchele wa Ahero na mama mmoja wa Londiani niliyempa lifti, Chepseon ile ile, taa ile ile. Tulifika Molo saa nane usiku. Yule mama hakunidai radhi wala mimi sikumdai nauli.

Ninachotaka kusema kwenye barua hii ni kimoja, nacho nilikijifunza kwa mzee mmoja wa Elburgon. Zamani alikuwa akitengeneza trekta na malori ya mbao, siku hizi ana kibanda, benchi na mti wa mparachichi. Nilipomsimulia yote hakufungua boneti. Alilala chini, upande wa tanki.

"Mama," akaniambia akiwa huko huko chini, "nani amewahi kufika huku?"

Hakuna. Mafundi wote walikuwa wamesimama mbele.

Mzee asili yake ni Bungoma, na alinieleza kwa mfano wa kwao. Gari lako, alisema, linakunywa dizeli vile babu zangu walivyokunywa busaa, pombe yetu ya kienyeji. Chungu kiko katikati, wazee wamekaa mbali, kila mmoja ana mrija wake mrefu, na kwenye ncha ya mrija kuna kichujio kilichosukwa kuzuia machicha. Tanki ndilo chungu. Pampu ya presha iliyo kwenye injini ndiyo mzee anayevuta. Katikati hakuna mtu wa kumsaidia, kwa sababu gari langu halina pampu ndani ya tanki. Dizeli yote inavutwa kutoka nyuma hadi mbele kwa mvuto wa pampu hiyo moja, ikipitia filta njiani. Sasa mrija ukiwa na kitundu, mzee anavuta upepo. Lakini, mama, busaa haimwagiki. Kichujio kikiziba, mashavu yanabonyea na kinachofika ni kidogo. Hapo pia hakuna kinachomwagika. Ukitazama chini ya gari ni pakavu, basi unasema huku nyuma hakuna kasoro, shida iko mbele.

Niliposikia hivyo nilijiona mjinga, halafu nikakumbuka sikuwa peke yangu. Tulikuwa mimi na mashine.

Kwa haki, mashine haikudanganya. Ilisema presha iko chini. Haikusema nani ameishusha. Mafuta yanayoingia kwenye nozeli za injini hizi hufika presha ya zaidi ya bar 1,000, na tairi ya pikapu ukiijaza vizuri ni bar chache tu. Ili pampu isukume kwa nguvu hiyo lazima kwanza ishibe. Ikifikiwa na mafuta yaliyochanganyika na mapovu, hata iwe mpya kutoka kwenye boksi, presha itaanguka, na kompyuta ya gari itapunguza nguvu ili kuilinda injini. Vilevile pampu hiyo haina oili yake ya pembeni. Inalainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake. Mpe hewa na maji, inajisaga. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba pampu yangu ya kwanza ilikuwa imeumia kweli. Ila kumwekea mgeni kitanda cha kunguni wale wale si tiba.

Mbona basi lilipona safari mbili? Kwa sababu pamoja na nozeli na pampu waliniwekea filta mpya ya 1,500. Ile filta ndiyo niliyokuwa nimeinunua kwa 163,000.

Kuna jambo la milima pia, ambalo sikuwa nimelifikiria maishani. Pampu inapovuta, kinachoisukuma dizeli ipande kwenye mrija ni uzito wa hewa inayolala juu ya tanki. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari. Molo ni karibu 2,500. Hewa ya Molo ina msukumo pungufu kuliko wa Kisumu kwa takriban asilimia 15, na ukiilinganisha na Mombasa imepungua robo nzima. Gari lililozaliwa likivuta lenyewe, lenye kichujio kilichoziba nusu na mrija unaopenyeza upepo, linaweza kuzunguka Kisumu mwaka mzima bila mtu kugundua. Lipandishe Kericho, Londiani, Mau Summit na mzigo mgongoni, siri zote zinatoka. Ndiyo maana nawaandikia hasa wenzangu wa huku juu: Molo, Kuresoi, Mau Narok, Timboroa.

Mzee hakutaka nimwamini kwa maneno. Alikata mpira kabla ya filta, akaunganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani, urefu wa kiganja. "Washa." Nikawasha. Niliinama nikaona dizeli ikipita, rangi ya chai ya rangi isiyokolea, na ndani yake mapovu madogo madogo yakikimbizana kama shanga zilizokatika uzi. Akaniambia nikanyage kidogo. Shanga zikawa mnyororo.

Kisha akachukua mtungi wa lita 20, akautia dizeli safi, akaukaza kwa kamba ndani ya kreti nyuma ya pikapu, na kulivutia gari mpira kutoka hapo, tanki likaachwa nje ya habari. Mapovu yakaisha. Tukapakia viazi na kwenda Mau Summit, mzee akiwa pembeni yangu ameshika kofia. Gari lilipanda bila hata kukohoa. Tulikaribia kukwama kwa sababu nyingine: mtungi uliisha haraka kuliko tulivyodhani, maana mafuta ambayo injini haikuyatumia hurudi kwenye tanki, hayarudi kwenye mtungi. Mzee alicheka mwenyewe, akasema hilo alikuwa amelisahau tangu enzi za trekta. (Jaribio hili ni la fundi na la dakika chache. Asitokee mtu akasafiri na mtungi wa dizeli na mpira nje nje.)

Tukalishusha tanki. Nilikuwa nimeshika tochi, kwa hiyo naweza kusema nilichokiona. Kwenye ncha ya mrija wa ndani, kichujio cha wavu kilikuwa kimevaa ute mweusi kama ule wa chini ya pipa la maji ya mvua. Mzee alisema ni vijidudu vinavyoota pale dizeli inapokutana na maji. Vyenyewe vinaishi majini na vinakula mafuta. Ndani ya ute kulikuwa na nyuzi za kitambaa na kipande cha plastiki cha bluu, nadhani kizibo cha mtungi wa mtu fulani wa zamani. Mpira unaotoka tankini ulikuwa na nyufa kama kisigino cha kiangazi, umefungwa kwa waya wa kufungia ua. Na juu ya ekseli ya nyuma, bomba la chuma lilikuwa limesuguana na kishikizo chake mpaka likapata kitundu. Kitundu chenyewe huwezi kukiona. Mzee alikiziba upande mmoja kwa kidole, akapuliza upande wa pili ndani ya ndoo ya maji, ndipo tukaona uzi mwembamba wa mapovu ukipanda.

Halafu kulikuwa na waya wa taa ya maji. Filta ya gari hili ina kihisio chini yake. Maji yakijaa, taa inawaka kwenye dashibodi. Yangu haikuwahi kuwaka. Waya ulikuwa umekatwa na kufungwa kwa utepe mweusi, kazi nadhifu kabisa. Mmoja wa wale wawili walionitangulia alichoshwa na taa.

Sasa nije kwenye kile tulichofanya, kwa sababu mzee hakutaka tuishie kurudisha gari lilivyotoka kiwandani. Alisema kiwanda hakikulifikiria Chepseon usiku.

Tanki lilioshwa na kukaushwa. Kichujio kipya, mpira mpya wa dizeli (si wa maji, si wa petroli, si ule wa plastiki unaoonyesha ndani, ambao ukikaa karibu na joto la injini hulainika), bomba la chuma likabadilishwa kipande. Kisha kwenye chesisi, karibu na tanki na chini yake kidogo, akafunga filta ya awali yenye kikombe cha kutenga maji na koki chini. Hiyo inazuia uchafu mkubwa, wa mikroni 30 kwenda juu, ili ile filta ya zamani iliyo mbele ibaki na kazi ndogo ya kuchuja vumbi la mikroni chache. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70, kwa mwenye kutaka kulinganisha. Baada ya hiyo akafunga pampu ndogo ya umeme, ya dizeli, ya presha ya chini, isiyofika hata bar moja. Kazi yake ni kusindikiza mafuta kwenda mbele, basi. Pampu kubwa haivuti tena, inapokea.

Pampu hiyo ndogo ilitaka kuniponza mapema. Nilikuwa nimetangulia kwenda dukani, nikauziwa pampu ya gari dogo la petroli kwa 3,000. "Pampu ni pampu, mathe," ndivyo nilivyoambiwa. Mzee alipoishika mkononi aliirudisha kwenye karatasi yake kama mtu aliyepewa nyama iliyolala. Pampu ya gari la petroli lenye nozeli inasukuma bar 3 hivi. Filta yangu, pampu yake ya mkono na sili (mipira ya kuzuia kuvuja) za mbele vilitengenezwa vivutwe, havikutengenezwa visukumwe kwa nguvu hiyo. Vingepasuka au kuvuja juu ya injini ya moto. Nilirudi dukani, tukabishana, nikapewa bidhaa nyingine badala ya pesa. Sasa nina kioo cha pembeni nisichokihitaji.

Waya ndizo zilizochukua muda mrefu kuliko vyote. Pampu ina fyuzi yake na relei yake (swichi inayowashwa kwa umeme), na imeunganishwa na swichi ya presha ya oili: injini ikizima, oili ikikosa presha, pampu inazima hata kama ufunguo haujageuzwa. Niliona anajisumbua bure. Akaniuliza, "Ukipinduka, mama, nani atatoka kwenda kuzima pampu?" Sisi wa Molo hatuhitaji kuelezwa mara mbili habari za moto na mafuta, Sachangwan ni jirani yetu, na lori la petroli lililolipuka huko tarehe 31 Januari 2009 lilituachia zaidi ya watu mia moja wa kuzika. Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, lakini ikirushwa juu ya turubo iliyowiva inashika. Nikanyamaza, akaendelea na waya zake. Kwa kuwa pampu haiamki mpaka oili ipate presha, aliniwekea kitufe chini ya usukani. Asubuhi nakibonyeza nikihesabu hadi kumi, kisha nawasha. Na kwa siku ambayo pampu itakufa njiani, kuna njia ya kando yenye vali ya upande mmoja, ili pampu kubwa iweze kuvuta yenyewe kama zamani na mimi nifike nyumbani polepole.

Bei, kwa wanaouliza: filta ya awali 7,500, pampu 6,800, mita nne za mpira 1,800, klipu na relei na fyuzi na waya 2,200, tanki na bomba 2,500, kazi 6,000. Jumla 26,800.

Wiki ya kwanza nilikosana na mzee. Asubuhi nilikuta dizeli inadondoka kutoka kwenye pampu ya mkono iliyo juu ya filta, tone, tone, mpaka chini. Nikampigia simu kwa hasira: mbona kabla hujaligusa lilikuwa kavu? Alinisubiri nimalize. Kisha akasema: palikuwa panavuja siku zote, mama, ila kuelekea ndani. Sasa kuna msukumo, pamejitaja. Sili ya 350 ikamaliza habari. Namshukuru kwa kutonijibu kwa sauti niliyompigia nayo.

Vijana wawili watatu wameniuliza pikapu imeongezeka nguvu ngapi. Haijaongezeka hata moja. Imerudishiwa iliyokuwa yake. Mwenye kutaka nguvu za mashindano aende kwa wanaochezea kompyuta, na huko sitamsindikiza. Pia si kila pikapu inahitaji kazi hii. Zipo zilizotoka kiwandani na pampu ndani ya tanki, na hizo ukiongeza nyingine kiholela unaharibu. Anza na mpira unaoonyesha ndani. Kama hakuna mapovu na kichujio ni safi, kunywa chai, shida yako ni nyingine.

Sasa kuhusu dizeli yenyewe. Kuanzia Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubali dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili walanguzi wakose faida ya kuyachanganya na dizeli. Mafuta taa hayana ule utelezi wa dizeli, na pampu isiyo na oili yake ndiyo ya kwanza kuumia. EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, nayo hukagua vituo. Sina neno. Lakini maji hayahitaji mlanguzi. Tanki likilala nusu kwenye baridi ya Molo, hewa iliyo ndani inatoa jasho usiku na jasho linazama chini. Tangu hapo najaza tanki jioni, si asubuhi. Na kila Jumamosi kabla ya kupakia nafungua koki ya kikombe, namwaga kidogo kwenye chupa ya jemu, naiweka dirishani. Mwezi wa kwanza maji yalikaa chini ya chupa kiasi cha vijiko vitatu, mpaka wa maji na dizeli umenyooka kama umepigwa rula. Siku hizi ni matone. Dizeli inayobaki juu naipaka kwenye majembe yasishike kutu.

Nirudi gereji, Mhariri, kisha nikuache. Binti yangu aliye chuoni alinisomea kwenye simu kwamba Sheria ya Kuwalinda Wateja, Nambari 46 ya 2012, ina sehemu nzima juu ya urekebishaji wa magari. Inazungumzia makadirio ya gharama kabla ya kazi, na inazungumzia mteja kurudishiwa vipuri vilivyotolewa kwenye gari lake. Miaka yote hii nimekuwa nikiambiwa "bei tutaelewana", na vipuri vya zamani vinabaki sakafuni kama makombo ya mgeni. Sikudai kwa sababu sikujua. Nani ametubandikia sheria hiyo kwenye ukuta wa gereji tukaisoma tukisubiri? Wakuu wa kaunti wanaotoa leseni za biashara, hilo ni jambo la karatasi moja na misumari minne.

Nami nauliza, bila kutaja jina. Zile nozeli zangu nne za kwanza, ambazo sasa sina hakika kabisa kama zilikuwa mbovu, pamoja na pampu yake, ziko wapi? Zimo kwenye gari la nani? Napita Nakuru kila Jumanne, saa nne huwa nimeshamaliza kushusha viazi, na nafasi nyuma ya pikapu ipo.

Mama Pikapu,
Molo, Kaunti ya Nakuru